SOMO: Wiki tatu za mwisho wa muhula bila shule kulala

Kila Mei na Novemba swali ni lile lile: watoto wameacha kuja, walimu wamechoka, tufanyeje? Naandika mara moja. Ni kwa sekondari ya kutwa, mikondo mitatu, wanafunzi 60 kila mkondo.

1. Mada mpya zikome wiki tatu kabla ya kufunga. Zilizobaki zihamie azimio la kazi la muhula ujao.

2. Ratiba ya mtihani ibandikwe siku 10 kabla.

3. Panga masomo kwa uzito wa kusahihisha. Hii niliwahi kuiharibu, isome polepole. Mwalimu wa Historia mwenye mikondo mitatu ana karatasi 180. Kwa dakika 6 kila moja ni saa 18. Akisahihisha saa 3 kwa siku ni siku 6. Somo lake likifanywa siku ya mwisho, atagawa alama kwa kukisia au ripoti zitachelewa, na mwanafunzi asiyeona karatasi yake siku zote hizo anabaki nyumbani. Masomo ya insha yatangulie: Kiswahili, Kiingereza, Historia. Hisabati na Fizikia zifunge. ONYO: mwenye masomo mawili asiwekewe yote siku moja. ONYO: anayesahihisha insha asipewe zamu wiki hiyo. Atashika kengele, karatasi zitalala kabatini.

4. Karatasi zitoke chumbani zimeshapangwa kwa mkondo.

5. Zirudishwe kabla ya kufunga. Kila mmoja arudie maswali mawili aliyokosa, mwalimu asaini daftari. Bila saini hakuna atakayefanya. Mstarini taja waliopanda, usimtaje wa mwisho: aliyetoka 28 hadi 41 amevuka F kwenda D, apigiwe makofi kama mwenye 80.

6. Vikao vya mchana vifutwe. Kimoja Jumatatu, dakika 20, kinatosha. Chai na maandazi ni vizuri, ila mwalimu akiruhusiwa kwenda kusahihisha atashukuru zaidi.

MASWALI

Chaki Nyeupe: Kwa hiyo tuanze na Hisabati?

Jibu: Namba 3.

Chaki Nyeupe: Nimeuliza tu mkuu.

Jibu: Nami nimejibu.

Mama Maabara: Hisabati ikiwa ya mwisho, watoto si watakuwa wamechoka? Alama zao zitashuka.

Jibu: Swali zuri, dada. Iwekwe saa 2 asubuhi, na mchana wa siku iliyotangulia uachwe wazi. Isitanguliwe na mtihani mwingine siku hiyo hiyo.

Mwl. wa Kata: Haya ni ya shule zenye walimu. Kwetu Hisabati ni mtu mmoja, kidato cha kwanza hadi cha tatu.

Jibu: Ndiyo maana nimeweka hesabu, ingiza idadi zako. Akizidi siku 6, mtihani wake ufanywe mapema, mwanzoni mwa ratiba, hata kama ni Hisabati. Asisahihishe karatasi nzima nzima: swali la 1 kwa wote, kisha la 2. Mwongozo wa kusahihisha unakaa kichwani, na haki inakuwa sawa kwa wote.

Mama Maabara: Naongezea: maswali ya kuchagua, kata ukanda wa karatasi wenye majibu, uulaze chini ya safu ya majibu ya mwanafunzi. Macho yanashuka mara moja tu.

Jibu: Naichukua hiyo. Ila andika majibu kwa nafasi zile zile za safu, la sivyo yatapishana kuanzia la tano.

Chaki Nyeupe: Na karatasi za nyongeza zinazopotea?

Jibu: Uzi, si pini. Na namba ya mtihani iandikwe kila ukurasa kabla hawajaanza kujibu.