Bastola mpya ya kubeba kila siku: ijaribu kabla hujaiamini

Wenzetu wengi walioko Marekani hununua bastola ya kwanza wakiwa watu wazima, bila kuwahi kushika silaha maishani. Nyumbani bunduki tuliziona mabegani mwa askari, tukapita kando. Huku muuzaji anakukabidhi boksi, kijitabu na kufuli, anakutakia siku njema, na jioni hiyohiyo mtu anaichomeka kiunoni. Hapo ndipo ninapotaka kukuzuia. Bastola iliyotoka dukani leo haijathibitishwa, hata kama kampuni ina sifa kubwa. Inathibitishwa kwa mkono wako, magazini zako (vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) na aina ya risasi utakayobeba. Zaidi ya hapo, mhamiaji akikosea kwenye jambo la silaha hulipa zaidi kuliko mwenyeji, kwa hiyo tuanze na hati.

Hati zako

Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu raia na mwenye Green Card kununua bastola, mradi hana kizuizi kingine. Waliopata ukaaji wa kudumu kupitia bahati nasibu ya viza wamo humo. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo (F-1), ya kazi (H-1B) au ya matembezi (B-2), amekatazwa kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa akiwa na msamaha maalumu kama leseni halali ya uwindaji. Katazo hilo linafika hadi kwenye bastola ya kukodi uwanja wa shabaha, ile ambayo rafiki anakualika kuijaribu Jumamosi na kupiga nayo picha. Kama bado unasubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, muone wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote.

Dukani utajaza Fomu 4473, kisha jina lako litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni huuzwa kwa aliyetimiza miaka 21. Jaza ukweli mtupu. Usijiandike raia kama hujaapishwa, maana kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia njia ya ukaaji moja kwa moja. Usimnunulie binamu ambaye yeye mwenyewe haruhusiwi. Hilo ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 15. Na mwenye Green Card akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, anaweza kurudishwa alikotoka hata kama ameishi hapa nusu ya umri wake.

Kununua ni jambo moja, kubeba ni jingine, na kila jimbo lina yake. Texas tangu Septemba 2021 imewaruhusu wengi wenye miaka 21 kubeba bila kibali. Minnesota, waliko Wasomali na Wakenya wengi, unahitaji mafunzo na kibali cha sherifu. California, New York na New Jersey zimeweka ukomo wa risasi 10 kwa magazini. Kibali cha jimbo lako si lazima kitambulike jimbo la pili, kwa hiyo dereva wa lori anayevuka majimbo manne kwa siku asome sheria za yote manne.

Udogo una gharama yake

Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na uzito wa karibu gramu 600 ikiwa tupu. SIG P365, iliyotoka 2018, ina mtutu wa milimita 79 na uzito wa karibu gramu 500. Tofauti hiyo unaifurahia kiunoni na kuilipia uwanjani. Bastola ikiwa fupi, slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, ina safari fupi na springi ngumu. Muda wa kutema ganda na kuokota risasi nyingine ni mdogo mno. Mwili mwepesi nao unategemea mkono ulioushika. Kwa hiyo bastola ndogo husamehe kidogo: mkono ukilegea, risasi ikiwa dhaifu, au mafuta yakikauka, inakwama mapema kuliko ndugu yake mkubwa. Kama unanunua ya kwanza, mimi nakushauri uchague ya ukubwa wa kati. Hata hivyo, shika zote mbili kwanza, hasa kama una kiganja kidogo.

Ukifika nayo nyumbani, toa magazini, vuta slaidi nyuma, angalia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa macho kisha uiguse kwa kidole. Risasi ziwe chumba kingine kabisa. Fuata kijitabu, ifungue, ufute mafuta mazito ya kiwandani, maana hayo huwekwa kuzuia kutu ghalani. Kisha weka matone machache ya mafuta ya bunduki pale chuma kinaposuguana na chuma. Usimimine mafuta kwenye tundu la pini ya kupigia. Yakichanganyika na vumbi yanakuwa uji mzito, na pini inagonga bila nguvu. Pia tembelea tovuti ya mtengenezaji uangalie kama kuna tangazo la usalama kwa namba za toleo lako. Mwaka 2017 SIG Sauer walitoa maboresho ya hiari kwa bastola yao ya P320 baada ya majaribio kuonyesha kuwa inaweza kufyatuka ikianguka. Wenye toleo la zamani waliolisikia tangazo hilo walirekebishiwa bure.

Uwanjani

Magazini mpya ziandike namba kwa kalamu ya wino usiofutika: 1, 2, 3. Beba daftari dogo. Anza na risasi 200 za kawaida za mazoezi, zile zenye kichwa cha mviringo, za kiwanda kinachojulikana. Changanya zenye kichwa cha uzito wa 115 na wa 124, namba ambazo kwenye boksi huandikwa kwa kipimo cha "grain" (gr). Kama bastola yako ni ya 9 mm, kama hizo mbili nilizotaja, hakikisha boksi limeandikwa 9x19 au 9 mm Luger. Kuna risasi za aina nyingine, .380 na Makarov, ambazo kwa macho zinafanana nazo, lakini si za bastola hiyo. Baada ya hapo piga angalau 50 za aina utakayobeba, ambazo kwa kawaida zina shimo kwenye ncha. Hizi ni ghali na watu huzikwepa, ila ndizo zinazosumbua bastola ndogo, kwa sababu mdomo wake mpana hugonga njia ya kuingilia chemba. Kipimo changu ni hiki: risasi 200 za mwisho mfululizo zipite bila kukwama, zikiwemo hizo 50. Baadhi ya watengenezaji husema bastola mpya inahitaji kulainika kwanza, kwa hiyo tatizo la boksi la mwanzo usilichukulie kama msiba. Liandike tu.

Kila ikikwama, mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kitoke kwenye triga. Kisha andika magazini ipi, risasi ya ngapi, aina gani, na nani alikuwa ameishika. Kabla ya kuirekebisha, iangalie vizuri, kwa sababu namna ilivyokwama ndiyo inayokuambia chanzo.

Ganda likisimama wima limebanwa mdomoni mwa slaidi, mara nyingi ni kiwiko na kifundo kilicholegea: bastola yote imerudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu ya kutema ganda ikapotea. Mpe mwalimu wa uwanja apige magazini ileile kwa risasi zilezile. Ikipita safi kwake, tatizo liko kwenye mshiko wako, na hilo hurekebishika bila senti. Ikikwama kwake pia, jaribu risasi zenye nguvu zaidi ndani ya kiwango cha kawaida kabla ya kulaumu chuma.

Risasi ikilenga juu au chini ya chemba ikashindwa kuingia, tazama daftari. Kama kila mara ni magazini namba 2, umeshapata mkosaji. Itenge, usiibebe, idai nyingine. Kama ni magazini zote lakini kwa risasi za aina moja tu, badilisha aina.

Risasi mbili zikigombania chemba moja, kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi hakutasaidia, kutazidi kuzibana. Fungia slaidi nyuma, ng'oa magazini, vuta slaidi mara kadhaa hadi chemba iwe tupu, ndipo uweke magazini upya. Hili lifanyie mazoezi kwa risasi bandia mpaka mikono ifanye bila kuulizwa.

Slaidi isipobaki nyuma risasi zinapokwisha, angalia kidole gumba chako kwanza. Kwenye bastola fupi gumba hukaa juu ya kile kidude cha kuzuia slaidi na kukikandamiza.

Ukisikia "tk" bila mlio, subiri. Hesabu hadi sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea shabaha, kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Kisha itoe utazame fataki, kile kiduara katikati ya kitako cha ganda. Kama kimebonyea sawasawa, huenda risasi ndiyo mbovu. Kama kimeguswa kidogo tu, shuku uchafu kwenye tundu la pini, au slaidi ambayo haikufunga kikamilifu.

Kuna moja ambayo haina mjadala. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, teke likawa dogo, ACHA. Usivute slaidi upige nyingine. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na ya pili ikifuata mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Inua mkono, muite msimamizi.

Katika yote haya, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nimeona watu wakibadilisha risasi, mafuta, magazini na mshiko siku moja, bastola ikatulia, na hawajui nini kiliiponya. Ikirudia baada ya wiki wanaanza upya. Usikimbilie pia kuagiza springi na vipuri vya mtandaoni, wala kupiga msasa chochote ndani yake, kwa kuwa hapo unaharibu dhamana na pengine usalama wenyewe.

Kama mwalimu naye ameshindwa, umeisafisha, na umejaribu aina mbili tatu za risasi, hiyo ni ya kurudi kiwandani. Piga simu huduma kwa wateja ukiwa na daftari lako, na utaona mazungumzo yanavyokuwa mafupi. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mtengenezaji kupokea bastola ya mteja kwa matengenezo na kuirudisha moja kwa moja kwa mwenyewe. Tumia utaratibu wa usafirishaji watakaokupa, usijipelekee posta. Ikirudi, hesabu ya risasi 200 inaanza moja.

Kiunoni, garini, nyumbani

Ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola kiunoni, iwe ngumu, ifunike triga yote, na mdomo wake ukae wazi hata bastola ikitolewa. Ala laini ya kitambaa hujikunja, na ncha yake inaweza kuingia kwenye triga unaporudisha bastola. Kina dada wanaovaa dera au gauni hawana mkanda wa kuning'inizia, hivyo wengi huishia kwenye mkoba. Basi mkoba uwe na chumba chake cha bastola chenye ala ndani, kisiingie funguo wala kalamu, na usiwekwe chini kanisani au kwenye shughuli ambako watoto wanapita.

Ukisimamishwa na polisi barabarani, zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani. Majimbo mengine, kama Michigan, yanakutaka uliyebeba useme mara moja. Julai 2016, karibu na mji wa St. Paul huko Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye kibali halali, alimwambia askari kwa adabu kuwa ana bastola, na akapigwa risasi akafa. Askari huyo aliachiwa na mahakama. Kibali pekee hakimlindi mtu mweusi, na ni lazima tuambizane hivyo. Sema kuwa una kibali na silaha iko wapi, uliza afisa anataka ufanye nini, usiguse kitu hadi akuelekeze.

Nyumba zetu hazikosi wageni: mpwa aliyekuja wiki mbili, watoto wa jirani, mama aliyetoka nyumbani anayepanga kabati upya bila kuuliza. Isipokuwa mwilini, bastola ikae kwenye kasha la kufuli, siyo juu ya kabati wala chini ya godoro. Na kama ndani kuna mtu aliyezama kwenye huzuni nzito, itoe nyumbani kabisa kwa muda, kwa njia ambayo sheria ya jimbo lako inaruhusu.

Anayetoa risasi chembani kila usiku na kuirudisha asubuhi ajue jambo hili: risasi ileile ikigongwa mara kwa mara, kichwa chake huzama ndani ya ganda, na shinikizo la baruti huongezeka. Isimamishe kando ya mpya kutoka boksini. Ikiwa fupi zaidi, hata kwa unywele, usiipige. Peleka uwanjani wakusaidie kuitupa.

Mkoba wa uwanjani usiwe mkoba wa safari kamwe. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni inaweza kukufikisha mahabusu Nairobi au Dar es Salaam, ambako kuwa na risasi bila leseni ni kosa. Ndani ya Marekani bastola husafiri tupu, kwenye kasha gumu lililofungwa, ndani ya mzigo unaokabidhiwa, baada ya kuitaja kaunta ya ndege. Ukivuka kwenda Kanada kwa gari kumtembelea shangazi Toronto, iache nyumbani, na kabla ya kuwasha gari kagua droo ya mbele na chini ya viti.