Biashara ndogo ya mwanafunzi: uza kwanza, nunua baadaye

Hatua ya 1: Pima muda. Chukua ratiba ya masomo, ondoa vipindi, saa za kujisomea na usingizi. Zinazobaki ndizo za biashara, na wiki za mitihani zitazimeza hizo pia. Kwa hiyo chagua kazi unayoweza kuisimamisha wiki mbili bila hasara.

Hatua ya 2: Anza na huduma. Kufundisha somo unalolimudu, kusuka, kupiga picha, kuchapa na kupanga nyaraka, kubuni mabango kwa programu ya bure. Wateja wakipungua, huna mzigo unaokuozea ndani. Lakini usiwaandikie wenzako kazi zao za darasani kwa malipo, hata wakikusihi vipi. Mnaweza kufukuzwa wote wawili.

Hatua ya 3: Tafuta oda kabla ya kutumia fedha. Andika ujumbe mfupi: unafanya nini, kwa bei gani, na kazi inakuwa tayari lini. Watumie unaowafahamu. Usiwaulize kama wazo lako ni zuri, maana watakusifu tu. Waombe waagize na watangulize nusu ya malipo. Mimi sigusi kazi kabla ya nusu hiyo, na ndiyo inayonunua vifaa. Asipojitokeza mtu, badilisha huduma.

Hatua ya 4: Panga bei kwa hesabu. Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Tuseme kitu kinakugharimu 80, ukijumlisha usafiri, bando na vifungashio, nawe unakiuza 100. Faida ni 20. Mteja akibembeleza ukampunguzia 10, yeye anaona asilimia 10 tu, kumbe kwako nusu ya faida imekwenda! Sasa itabidi uuze viwili ili upate faida uliyokuwa ukiipata kwa kimoja. Kwa huduma, gawanya malipo kwa saa ulizotumia, zikiwemo za kujibu ujumbe na kurekebisha kazi. Ukiona unapata chini ya malipo ya kibarua cha kawaida, pandisha bei. Anayeng'ang'ania punguzo, mpe kingine: mkamilishie kazi mapema, kwa mfano.

Hatua ya 5: Tenga fedha. Daftari moja lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa. Rafiki akikopa, naye aandikwe. Ada isiguswe kabisa.

Hatua ya 6: Soma masharti. Angalia kanuni za chuo, bweni na ufadhili wako. Anayesoma ugenini aanze na viza. Ya mwanafunzi nchini Uingereza, kwa mfano, hairuhusu kujiajiri.

Hatua ya 7: Kagua daftari kila mwisho wa mwezi. Tazama ni kazi ipi iliyokulipa zaidi kwa saa, uongeze hiyo na kuacha inayokuchosha bure. Kifaa kipya kinunue pale tu faida iliyokwisha kuingia inapotosha kukilipia. Hadi hapo, azima au kodi.