Kabla hujalipia antivairasi ya ofisi, kagua kwanza hizo mashine zinaendesha nini

Jamani mwaka jana nusura niumbuke. Nimenunua leseni 30 za antivairasi, zile za ofisi unasimamia mashine zote kwenye dashibodi moja, hela imeshatoka, bosi kasaini, nafika kwenye mashine za kaunta naanza kuinstoo sita zinagoma kabisa. Nikadhani faili ni bovu nikadaunlodi upya, gb zimeenda bure, bado inagoma. Kumbe zilikuwa Windows 7 na aliyezifunga hajawahi kuzipa apdeti hata moja.

Sasa fanya hivi, usirudie kosa langu. Chukua daftari au fungua Excel, pita mashine moja moja, usimuulize mtu "unatumia Windows gani" maana wote watakwambia "ni Windows tu". Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika winver, enta. Andika vyote unavyoona pale, yaani jina, vesheni na ile namba ya bildi. Watu wengi wanaishia kuandika "Windows 10" na hapo ndo tatizo linapoanzia, maana vesheni 1809 yenye bildi 17763 ni Windows 10, na 22H2 yenye bildi 19045 nayo ni Windows 10, lakini programu moja inaweza kukubali hii ikakataa ile. Halafu ingia Settings, System, About (kwenye Windows 7 ni Control Panel, System), uone kama ni biti 32 au 64. Vile vimashine vya ram gb 2 unaweza ukakuta vina biti 32, na usitegemee kuvipandisha Windows 11 kwa sababu hiyo ipo ya biti 64 tu.

Ukishamaliza ndo uende kwenye tovuti ya wenye programu utafute ukurasa wa mahitaji ya mfumo. Soma mpaka maandishi madogo ya chini, siri zote zipo huko. Kwa Windows 7 mara nyingi utakuta wanataka apdeti mbili za Microsoft, KB4474419 na KB4490628. Hizo ni za mwaka 2019, Microsoft walipohamia saini za SHA-2 (njia mpya ya kuthibitisha faili limetoka kwa nani), bila hizo apdeti Windows 7 haiwezi kuhakiki saini ya draiva mpya kwa hiyo inaitupa nje. Hata ukiziweka bado angalia kama mwenye programu anaihudumia Windows 7, maana Microsoft wenyewe waliachana nayo tarehe 14 Januari 2020, na waliolipia apdeti za nyongeza wakafika Januari 2023 basi.

Utauliza mbona Excel inakubali popote ila antivairasi ina maringo? Excel inakaa juu juu, antivairasi inaweka draiva ndani kabisa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, na huko ukikosea kidogo mashine nzima inalala. Januari 2018 Microsoft walipotoa apdeti ya kuziba tundu la usalama la prosesa lililoitwa Meltdown, baadhi ya antivairasi zilikuwa zinagusa memori ya kerneli kwa njia isiyoruhusiwa na mashine zikawa zinatoa bluu skrini, ikabidi Microsoft waizuie apdeti isishuke mpaka antivairasi iandike alama kwenye rejista (registry) ya Windows kwamba iko sawa. Na ile ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, ya 19 Julai 2024 nadhani kila mtu anaikumbuka, mashine kama milioni 8.5 za Windows zililala kwa faili moja bovu. Ile haikuwa shida ya vesheni kutoendana, ila ujue tu unachoinstoo kina nguvu kiasi gani.

Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha 14 Oktoba 2025. Haina maana antivairasi ilizima siku ile, hata Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows, Microsoft wamesema wataendelea kuipa taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi kama hujajiunga na ule mpango wa apdeti za nyongeza (ESU). Ila usikurupuke kufuta kila 1809 unayoiona, kama ni LTSC 2019 (toleo maalum la msaada wa muda mrefu) hiyo ina apdeti mpaka Januari 2029.

Laptop mpya za Snapdragon, zenye prosesa ya ARM badala ya Intel, ziwekee alama peke yake. Programu za kawaida za Intel zinaigizwa zinafanya kazi vizuri tu, draiva haziigizwi, kwa hiyo hakikisha wameandika ARM64. Mac andika sw_vers kwenye Terminal, na kuanzia macOS Big Sur usisahau kuiruhusu ile system extension (kipande cha antivairasi kinachoingia kwenye mfumo) na Full Disk Access (ruhusa ya kusoma diski nzima), bila hivyo ikoni utaiona pale juu lakini ulinzi ni kama hakuna. Linux ni uname -r na cat /etc/os-release, hapa kuwa makini na seva inayojiapdeti kerneli usiku, asubuhi ejenti (ile antivairasi iliyo kwenye seva) haiitambui kerneli mpya imebaki jicho moja wazi na haisemi.

Kwenye Windows Server kuna kitu kinachanganya wengi, Defender haimpishi mgeni kama inavyofanya kwenye Windows 10 na 11. Lazima uizime au uiweke pasivu (ikae pembeni) mwenyewe, la sivyo zinagombania kila faili na seva inakuwa nzito balaa. Antivairasi ya zamani nayo ing'oe kwanza, urestati, ndo uweke mpya.

Omba toleo la majaribio, weka mashine moja ya kila aina, ziache wiki nzima na watu wafanye kazi zao, waprinti, wafunge hesabu. Ikija Windows au macOS mpya pandisha antivairasi kwanza halafu mfumo ndo ufuate, usigeuze.

Zile sita zangu, nne ziliongezewa ram na SSD zikapanda Windows 10 ya biti 64. Mbili zimebaki hivyo hivyo kwa sababu programu ya mizani haifunguki kwingine, nimezitoa intaneti, USB nimezifunga, na zile leseni mbili nimezihamishia kwa wahasibu.