Kabla hujahamia Windows 11

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kila mwenye laptopu anaulizwa, "Bado hujahama tu?" Usikurupuke. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Hapo unaangalia TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Ukiona toleo 2.0, umevuka kizingiti kikubwa. Ukiambiwa haipo, huenda imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka), kwa hiyo chungulia huko kabla ya kukata tamaa. Prosesa za Intel zinazokubalika kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Zile laptopu za mtumba za i5 kizazi cha 4 au cha 6 hazimo.

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, Microsoft wanasema GB 4 zinatosha. Zinatosha kuwaka, kufanya kazi ni habari nyingine. Mimi chini ya 8 sithubutu, na kama bado una hard disk ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kwanza.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, hakikisha printa yako ina draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows 11, na usianze siku ya mgao wa umeme. Ukijuta, una siku 10 za kurudi Windows 10, mradi hujafuta folda ya Windows.old, inayotunza mfumo wako wa zamani.