Somo: Kuziba Nyufa za Njia za Zege Nje ya Nyumba

Wengi wetu tukiuona ufa kwenye njia ya zege hukimbilia saruji na mwiko siku hiyo hiyo. Nawasihi wenzangu tuanze na jicho na rula, kwa sababu kiraka kigumu kikitiwa kwenye ufa ambao bado unacheza hakidumu, hata kichanganywe kwa ustadi wa namna gani. Miaka ya nyuma niliziba ufa mmoja bila kuuchunguza, na kiraka kikakauka vizuri kabisa. Lakini baada ya mvua chache niliinama nikakiinua kwa vidole viwili, kipande kizima kama gamba, na upande wake wa chini ulikuwa umejaa vumbi.

Hatua ya 1: Utambue ufa wako. Weka alama ya rangi penye ncha zote mbili za ufa, kisha pima upana wake mahali pale pale kila wiki, kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Laza pia ubao ulionyooka juu ya ufa ili uone kama upande mmoja umepanda au kushuka. Ufa mwembamba unaokatiza njia, usiorefuka wala kupanuka, mara nyingi hutokana na zege kusinyaa lilipokuwa likikauka, na huo umetulia. Pande zikiwa hazilingani, tatizo liko chini: udongo haukushindiliwa, maji yameuchukua, au mzizi wa mti unasukuma.

Hatua ya 2: Kata na usafishe. Kazi nyingi huharibikia hapa. Kwa tindo na nyundo, panua ufa hadi kina cha milimita 20 hadi 25, na uuchonge uwe mpana zaidi chini kuliko juu, ili kiraka kikikauka kijifunge chenyewe kisiweze kutoka. Ondoa kila kipande kinacholegea, sugua kingo kwa brashi ya waya, kisha osha mpaka maji yatoke safi. Vumbi la zege lina silika, nayo hudhuru mapafu; kwa hiyo nyunyiza maji unapokata, na uvae barakoa na miwani.

Hatua ya 3: Lowesha. Zege kavu hunyonya maji ya kiraka kabla saruji haijashika. Limwagilie saa kadhaa kabla ya kazi, kisha kausha maji yaliyotuama, libaki bichi lakini lisilong'aa kwa maji.

Hatua ya 4: Jaza. Changanya saruji kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3, kwa maji machache: ukifinya konzi moja, ishikane bila kuchuruzika. Vaa glovu, maana saruji mbichi huunguza ngozi. Paka kingo uji wa saruji kwa brashi, na kabla haujakauka sindilia mchanganyiko kwa ncha ya mwiko mpaka ufa ujae. Usiutandaze ukawa utando mwembamba juu ya zege la zamani, kwani utabanduka. Malizia kwa kupitisha brashi ili pawe na mkwaruzo, watu wasiteleze mvua ikinyesha.

Hatua ya 5: Mwagilia. Funika kwa magunia mabichi au nailoni, na uhakikishe kiraka hakikauki kwa siku 7.

Ufa unaocheza hauzibwi kwa saruji. Huo usafishe, uache ukauke kabisa, ingiza kamba ya povu yenye unene uliozidi kidogo upana wa ufa, kisha jaza juu yake silanti ya poliyurethani, yaani kizibio laini kinachobaki kama mpira kikikauka. Kamba huizuia silanti isishike chini, ikabaki imeshika kingo mbili tu, na hivyo hunyumbulika bila kuchanika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Ndugu fundi, je, naweza kutumia saruji tupu bila mchanga, ili kiraka kiwe na nguvu zaidi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Saruji tupu husinyaa sana inapokauka, nayo itapasuka. Mchanga ndio unaozuia kusinyaa huko. Saruji tupu itumie kwa ule uji wa kupaka kingo peke yake.

Swali: Kwangu upande mmoja umeinuka karibu sentimita 3, na kuna mti mkubwa jirani. Nijaze mteremko wa saruji?
Jibu: Mteremko huo utapasuka, kwa kuwa mzizi haujaacha kusukuma. Vunja kipande kilichoinuka, na kabla hujakata mzizi wowote mnene pata ushauri wa mtu anayeijua miti, maana mti uliokatwa mizizi mikubwa unaweza kuanguka. Kisha shindilia udongo na umwage zege jipya. Likiwa na unene wa milimita 100, likate mistari ya kina cha milimita 25 kila baada ya mita 2.5 hadi 3, ili likisinyaa lipasuke ndani ya mistari hiyo.

Swali: Naomba ufafanuzi. Nimepima wiki tatu kama ulivyoelekeza, lakini asubuhi ufa ni mpana na mchana ni mwembamba. Je, nimekosea kupima?
Jibu: Hukukosea hata kidogo. Zege hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, kwa hiyo vipande viwili husogeleana jua linapowaka na kuachana usiku. Endelea kupima kwa saa ile ile kila mara ili ujue kama ufa unaongezeka pia wiki hadi wiki. Hata usipoongezeka, mwendo huo wa kila siku unatosha kukibandua kiraka cha saruji. Tumia silanti, na uijaze wakati ambao si wa joto kali wala wa baridi kali, ufa ukiwa na upana wa wastani.