Kupima zebaki mtoni kwa DGT: kuanzia jeli hadi hesabu

Maji ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, ya asubuhi si ya jioni, hasa mvua ikinyesha huko Pugu. Ukichovya chupa mara moja unapata hali ya dakika ile tu. Kifaa cha DGT (kifupi cha Kiingereza cha "diffusive gradients in thin films", yaani metali hupenya tabaka jembamba la jeli na kunaswa) hukaa majini siku kadhaa kikikusanya zebaki kidogo kidogo, kisha kinakupa wastani wa kipindi chote. Lakini kinanasa zebaki iliyoyeyuka pekee. Ile iliyoganda kwenye tope, ambayo kwenye mto mchafu inaweza kuwa sehemu kubwa, inahitaji sampuli yake ya pembeni.

1. Chagua jeli sahihi. Kifaa ni kidude cha plastiki chenye dirisha la duara, kipenyo sm 2 (eneo sm² 3.14). Chini kuna jeli yenye silika ya thioli (kundi la kikemia lenye salfa), kwa kuwa salfa hiyo huing'ang'ania zebaki. Juu yake kuna jeli ya kupenyeza ya mm 0.76, kisha kichujio cha mm 0.14. Hiyo ya kupenyeza iwe ya agarosi (itokanayo na mwani). Ya polyakrilamaidi, iliyozoeleka kwa shaba na zinki, huishika zebaki njiani, na jibu lako litatoka dogo kuliko ukweli.

2. Tunza kifaa kabla ya safari. Kifunge kwenye mifuko miwili ya zipu pamoja na matone machache ya maji ya chumvi (NaCl 0.01 M), kikae kwenye nyuzi 4. Usikigandishe, wala usikiache kikauke: jeli ikisinyaa, unene hubadilika na hesabu nzima inaharibika. Kisikae kwenye chumba ambacho kipimajoto cha zebaki kiliwahi kuvunjika, maana mvuke wake hupenya plastiki.

3. Chagua mahali. Maji yawe yanatembea, walau sm 2 kwa sekunde. Yakituama, utando wa maji yasiyosogea huongezeka mbele ya dirisha na zebaki hupungua kuingia. Ukitaka maji yasiyo na chumvi, kaa mbali na Daraja la Selander, mto unapoingia baharini. Bahari ikijaa, chumvi hupanda mtoni, kwa hiyo pima chumvi wakati wa maji kujaa kabla ya kuamua. Muone pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa na vijana wanaoshinda pale mtoni. Kifaa kisichojulikana ni cha nani huokotwa.

4. Zamisha. Nendeni wawili: mmoja mwenye glovu safi anagusa kifaa tu, mwingine anashika kamba, tofali na daftari. Funga vifaa vitatu kwenye kibao cha perspeksi kwa mshipi wa nailoni, madirisha yakitazama pembeni ili tope lisitue juu yake, na kibao kisiguse chini. Andika saa na dakika. Funga na kirekodi joto. Vifaa vingine vitatu vipelekwe mtoni, vifunguliwe muda uleule wa kazi, kisha virudishwe bila kuingia majini. Hivi, yaani vifaa tupu, ndivyo vitakavyokuonyesha zebaki uliyoingiza mwenyewe. Usivikwepe kwa kubana bajeti.

5. Toa baada ya siku 7. Kwenye maji ya joto na taka nyingi, ukizidisha sana muda huo utelezi wa kijani huziba dirisha. Dirisha likiwa na utelezi, piga picha, andika, usisugue. Suuza kwa maji yaliyotakaswa, weka kwenye mifuko miwili, tia kwenye deli la barafu.

6. Maabara. Jeli ya thioli haiachii zebaki kirahisi kwa asidi peke yake. Njia nyepesi ni kuichoma jeli nzima kwenye mashine inayopima zebaki kwa kuunguza sampuli. Ukitaka methili-zebaki (zebaki ya kikaboni), usiiunguze jeli: itoe zebaki hiyo kwa kemikali ya thiourea yenye asidi, na kwenye hesabu utumie kasi yake yenyewe ya kupenya (D hapo chini).

7. Hesabu. C = M × Δg ÷ (D × t × A). C ni kiasi cha zebaki kwenye maji, M ni nanogramu za zebaki zilizonaswa baada ya kutoa zile za vifaa tupu, Δg ni unene wa jeli ya kupenyeza pamoja na kichujio, sm 0.09, D ni kasi ya kupenya, t ni muda kwa sekunde, na A ni eneo la dirisha. D ya zebaki kwenye agarosi ni takriban 9 × 10⁻⁶ sm² kwa sekunde kwenye nyuzi 25. Maji yakiwa nyuzi 28, inapanda hadi karibu 9.7 × 10⁻⁶. Siku 7 ni sekunde 604,800. Ukipata nanogramu 1.0:

1.0 × 0.09 ÷ (9.7 × 10⁻⁶ × 604,800 × 3.14) = 0.0049 kwa mililita, yaani nanogramu 4.9 kwa lita.

Ukiacha D ya nyuzi 25 utapata 5.3, kosa la asilimia 8 kwa sababu ya nyuzi tatu tu.