Somo: Kuingiza jeni ya kipokezi cha LDL kwenye seli kwa kutumia adenovirusi

Mwaka 1993 watafiti wa Dallas, Marekani, walichukua panya wasio na kipokezi cha LDL (protini ya juu ya seli inayonasa LDL, yaani chembe zinazobeba lehemu kwenye damu), wakawadunga mshipani adenovirusi iliyobeba jeni ya kipokezi hicho. Ini likaanza kuvuta LDL kutoka kwenye damu, lehemu ikashuka. Miongoni mwa watafiti hao walikuwemo Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985. Leo tunafanya kazi hiyo kwenye sahani, kwa seli za ini za panya wa namna hiyo.

Hatua ya 1: Jeni. Tumia cDNA, yaani nakala ya DNA iliyotengenezwa kutoka kwenye mRNA. Sehemu inayosomwa kuwa protini ina herufi za DNA kama 2,600, na vekta (kirusi cha kubebea jeni) ya Ad5, yaani adenovirusi ya aina ya 5, iliyoondolewa jeni zake za E1 na E3 hubeba hadi 8,000 hivi. Weka promota ya CMV (swichi ya kuwasha jeni, iliyotoka kwenye kirusi cha CMV) mbele. Soma mfuatano wote kwanza. Kosa la herufi moja hapa litakula miezi yako.

Hatua ya 2: Kukuza virusi. Bila E1, virusi havizaliani kwenye seli za kawaida, ndiyo maana tunavikuza ndani ya HEK293, seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara, zenye E1 kwenye DNA yao. Zitazame kwenye darubini kila siku: zinavimba, zinakuwa duara, zinashikana kama kichala cha zabibu, kisha zinang'oka chini ya chupa. Vuna hapo. Gandisha na kuyeyusha mara tatu, safisha, gawa kwenye vichupa vidogo, hifadhi kwenye nyuzi -80.

Hatua ya 3: Kupima. Kipimo cha mwanga huhesabu chembe zote, hata zilizokufa. Kwa hesabu ya MOI (virusi vingapi kwa kila seli) tumia idadi ya zinazoambukiza.

Hatua ya 4: Kuambukiza. Jaribu MOI 10, 50 na 100. Sahani nyingine ipate virusi vyenye GFP (protini inayong'aa kijani) peke yake, kwa kipimo kilekile. Hapa silegezi kamba: adenovirusi yenyewe huamsha kinga ya seli, na bila sahani hiyo hutajua kilichofanywa na kipokezi na kilichofanywa na kirusi. Subiri saa 24 hadi 48.

Hatua ya 5: Kuthibitisha. Wengi huona bendi (mstari wa protini kwenye kipimo cha western blot) wakafunga daftari. Angalia ni bendi ipi! Ya kilodaltoni 120 ni kipokezi kichanga. Ya 160 ndicho kilichokomaa. Hata hicho kipe LDL yenye rangi ing'aayo ya DiI uone kama seli zinaimeza. Sahani moja iongezewe LDL nyingi isiyo na rangi: mng'ao ukififia, ujue kipokezi ndicho kilichokuwa kikifanya kazi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimetumia seli za CHO (za ovari ya hamsta), GFP haionekani kabisa.*
Marahaba. Ad5 nayo huhitaji kipokezi chake cha kuingilia, kiitwacho CAR, kilichotambuliwa mwaka 1997. CHO hazina CAR ya kutosha. Badili seli kabla hujaongeza virusi.

*Mng'ao wangu umefifia baada ya wiki moja. Nimekosea wapi?*
Hujakosea. DNA ya adenovirusi kwa kawaida haijichomeki kwenye kromosomu, kwa hiyo seli zikigawanyika nayo inapungua. Fanya vipimo vyako siku za mwanzo.

*Kusafisha meza, spiriti inatosha?*
Haitoshi, ndugu yangu. Kirusi hiki hakina utando wa mafuta, na spiriti hukiua kwa shida. Tumia dawa ya klorini, iache ikae dakika kadhaa, na kazi yote ifanyike kwenye maabara ya usalama wa daraja la 2. Tena pima E1 kwa PCR (kipimo cha kutafuta kipande cha DNA) kwenye kila mzao mpya wa virusi: ndani ya HEK293 vekta inaweza kuirudisha E1 yake na kuanza kuzaliana upya. Ukiikuta, teketeza mzao wote.